Floraidi kwenye maji ya nyumbani: kujua tatizo liko wapi na kulirekebisha

Maji ya King'ori, Ngarenanyuki au Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, hutoa povu jingi kwa sabuni kidogo. Ukifua nayo unayapenda. Lakini sababu ya povu hilo ndiyo hiyo hiyo inayoleta floraidi, madini yanayoyeyuka majini na kuharibu meno na mifupa yakizidi. Miamba ya volkano ya huku ina soda nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ndiyo ambayo ingeikamata floraidi ikaganda na kubaki ardhini. Isipokuwepo, floraidi inabaki ndani ya maji mpaka kwenye kikombe. Hali ni hiyo hiyo Nakuru na Naivasha upande wa Kenya, na sehemu nyingi za Bonde la Ufa.

Povu ni ishara tu, si kipimo. Floraidi haionekani, hainuki wala haina ladha, na hakuna njia ya kuitambua kwa ulimi au kwa macho. Malalamiko yaliyo hapa chini ndiyo yanayosikika zaidi kwenye nyumba zinazojaribu kuipunguza.

"Kisima kilipochimbwa tuliambiwa maji yanafaa"

Tafuta karatasi ya kipimo uangalie mambo mawili: namba na mwaka. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na ndicho kinachotumika Tanzania sasa. Zamani haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu miligramu 4, na kabla ya hapo 8, kwa kuwa vijijini maji mengine hayakuwepo. Kisima kilichopimwa enzi hizo kikakutwa na 3.6 kiliandikiwa "yanafaa" bila mtu kudanganya. Kwa kiwango cha leo hakifai.

Kama karatasi haipo, peleka sampuli maabara. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zipo mikoani, Arusha ikiwemo. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, maana ya kioo haifai kwa kipimo hiki. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale unayotaka kuyapima, ijaze, ifunge, kisha andika tarehe na jina la chanzo. Kama ni kisima cha pampu, acha pampu ifanye kazi dakika kadhaa kwanza. Kama ni mto au chemchemi, pima mwishoni mwa kiangazi. Wakati wa masika maji ya mvua huichanganya floraidi na namba ikashuka, ukafurahi bure.

Ukipata namba, isome hivi. Chini ya 1.5, usihangaike. Kati ya 1.5 na 3 kuna hatari ya meno kwa watoto, na njia rahisi kama kuchanganya na maji ya mvua zinatosha. Kati ya 3 na 10, mtu akiyanywa miaka mingi mifupa nayo huanza kuguswa, kwa hiyo unahitaji chujio la kweli. Ikizidi 10 uko kwenye eneo la ulemavu wa mifupa, na ushauri wetu ni kutafuta chanzo kingine cha maji ya kunywa na kupikia. Chujio la ndoo kwa maji hayo litakula mkaa mpya kila mwezi na mwisho utachoka.

Mtoto ana madoa kwenye meno

Kwanza hakikisha ni floraidi. Madoa yake huja kwa jozi: jino la kushoto likiwa nalo, mwenzake wa kulia analo pia, na karibu kwa sura ile ile. Huanza kama mistari myeupe ya chaki inayopita jino kwa upana, kisha kahawia, na kwenye maji makali jino linakuwa na vishimo na kingo zake kumeguka. Doa moja jeusi kwenye jino moja linaloshika chakula ni kutoboka. Weusi unaokuja mtoto anapotumia dawa ya maji ya kuongeza damu huwa juu juu tu, na daktari wa meno anaweza kuusafisha.

Madoa ya floraidi hayasuguliki, kwa sababu yaliingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi. Mkaa, mchanga, ndimu, vyote vinaondoa jino lenyewe na kuliacha doa. Hapa pia ndipo wengi wanapokosea kuhukumu chujio lao: wamechuja mwaka mzima, meno ya mtoto wa miaka kumi ni yale yale, wanasema chujio halifanyi kazi. Jino lililokwisha kutoka halitabadilika. Linalookolewa ni la mdogo wake.

Meno ya mbele ya ukubwani hujengwa miaka ya mwanzo ya maisha, na mengine huendelea mpaka karibu miaka minane. Kwa hiyo kama maji yenye floraidi kidogo ni machache, wape kwanza walio chini ya miaka minane. Maziwa ya mama yana floraidi ndogo sana hata mama anapokunywa maji makali, basi kumnyonyesha mtoto bila kumpa maji miezi sita ya kwanza ni kinga isiyogharimu kitu. Hatari huanza na uji. Maji ya uji wa mtoto yawe ya kwanza kuchujwa nyumbani.

"Tunachemsha kila siku"

Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haiendi na mvuke, inabaki kwenye sufuria. Ukichemsha lita 5 zenye miligramu 4 mpaka zikabaki lita 4, una maji yenye miligramu 5. Endelea kuchemsha kwa ajili ya tumbo, lakini funika sufuria na zima moto yakishachemka vizuri.

Vivyo hivyo chujio la udongo, kitambaa, mchanga, dawa ya klorini, kuanika chupa juani, mashine ya mwanga wa UV na mbegu za mlonge: vingine vinaua vijidudu, vingine vinaondoa tope, floraidi inapita. Mkaa wa kawaida wa kupikia hauikamati, na chujio la dukani lenye kaboni peke yake pia. Ukinunua maji ya "mashine" mtaani, uliza swali moja tu: mashine inatumia utando wa RO (utando mwembamba sana ambao maji husukumwa kupita kwa presha), au ni chujio na taa? Kama ni chujio na taa, unanunua floraidi ile ile ikiwa imesafishwa vizuri. Kwa maji ya chupa, soma lebo. Nyingi huandika kiasi cha floraidi kwa miligramu.

Ndoo ya mkaa wa mifupa, na yanayoisibu

Kwa nyumba nyingi za Arumeru hii ndiyo njia tunayoipendekeza. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi kwa muda mrefu, na Nakuru nako inatumika. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa nyuzi kati ya 400 na 500 hivi, kisha husagwa kuwa chenga za nusu milimita mpaka milimita 4. Mfupa ni kalsiamu na fosfati, na floraidi hushikamana nao kama inavyoshikamana na mifupa ya mtu.

Usijaribu kuchoma nyumbani kwa makisio. Joto likipungua au kuzidi kidogo tu umeharibu, na majirani hawatakusamehe harufu. Kama dini au mila inakufanya uulize mifupa ni ya mnyama gani na imetoka wapi, muulize muuzaji kabla ya kununua. Ni swali la haki, na muuzaji mzuri ana jibu.

Ufungaji wake: ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, koki ya plastiki sentimita chache juu ya kitako. Tandika kokoto zilizooshwa mpaka zifunike tundu la koki, juu yake kitambaa safi au wavu mwembamba, kisha lita 10 za chenga, ambazo zina uzito wa kilo 7 hivi. Juu ya chenga weka sahani ya plastiki yenye matundu, ili maji unayomimina yasichimbe shimo katikati. Nafasi inayobaki ni ya maji.

*Maji yanatoka meusi.* Ni vumbi la mkaa. Chenga zilitakiwa kuoshwa kwenye beseni kabla ya kupangwa, kumwaga na kurudia mpaka maji yawe meupe. Kama umeshazipanga, pitisha ndoo tatu au nne na kuzimwaga. Weusi ukiendelea baada ya hapo, kitambaa cha chini kimechanika au kimejikunja.

*Maji ya kwanza yana ladha ya majivu.* Kawaida kwa mkaa mpya. Hutoweka baada ya ndoo kadhaa, na hizo ndoo tumia kufulia.

*Maji ya njano, yananuka nywele zilizoungua.* Mifupa haikuiva. Mafuta na nyama iliyobaki ndani inajitoa kwenye maji. Vunja chenga moja uitazame: ikiwa kahawia katikati na inanuka, hakuna kiasi cha kuosha kitakachoiponya. Rudisha. Iliyoiva vizuri ni nyeusi au kijivu iliyokolea mpaka ndani, na haina harufu. Nyeupe kama chaki, inayosagika kwa vidole, imeungua kupita kiasi. Hiyo haitoi harufu yoyote na maji yake ni mazuri kuyatazama, lakini nguvu ya kushika floraidi imepotea, na kwa hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana hakuna atakayeilalamikia.

*Kipimo kiko juu tangu siku ya kwanza, ingawa mkaa ni mzuri.* Mara nyingi maji yanapita haraka. Floraidi inahitaji muda wa kukaa na mkaa, dakika 20 kwa uchache, 30 ni bora. Kwa lita 10 za chenga, hiyo ina maana chombo cha lita moja kisijae kabla ya dakika 2, na tatu zinapendeza zaidi. Chukua jagi na saa ya simu, upime. Watoto wakirudi shule na kiu hufungua koki yote, maji yakamiminika kwa nusu dakika, na waliyokunywa yamepita mkaa bila kusalimiana nao. Dawa yake ni ndoo mbili: ya juu ina mkaa na koki yake imefunguliwa kidogo tu usiku kucha, ya chini inapokea, na ya chini ndiyo ya kuchotea. Koki ya juu ing'olewe mkono au ifungwe waya ikishapata mwendo wake.

Sababu nyingine ni njia ya mkato. Chenga zikikauka hujitenga na ukuta wa ndoo, na maji yakirudi hupita kwenye ufa huo. Mkaa uwe ndani ya maji daima. Ukiacha koki ikamaliza maji yote kila siku, unganisha mpira kwenye koki, uupandishe mpaka juu kidogo ya usawa wa mkaa, kisha uushushe kwenye ndoo ya pili. Maji yatasimama hapo yenyewe.

*Kilianza vizuri, miezi mitatu baadaye kimepanda.* Mkaa umejaa. Hesabu yake si ngumu, na inashangaza jinsi isivyofanywa. Kwa mipango ya nyumbani chukulia kilo moja ya mkaa mzuri inashika gramu moja ya floraidi kabla maji hayajaanza kuvuka kiwango. Kilo 7 ni miligramu 7,000. Maji yako yakiwa na 6, na unataka yatoke na nusu miligramu (0.5), kila lita inaacha miligramu 5.5. Gawanya: lita 1,270 hivi. Ukichuja lita 20 kwa siku, ni siku 63. Kwa maji ya 3, mkaa ule ule unafika lita 2,800, yaani miezi minne na nusu. Kwa maji ya 12, mwezi mmoja. Andika tarehe ya kubadilisha kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuniko wa ndoo siku ile ile unayopanga mkaa. Hakuna dalili nyingine itakayokukumbusha: mkaa uliojaa unatoa maji matamu na meupe vilevile.

Namba hizo ni za tahadhari. Mkaa wako unaweza kufika mbali zaidi. Ukitaka kujua, pima maji yanayotoka mara moja nusu ya safari na mara moja karibu na mwisho, kisha urekebishe tarehe. Kuna wanaousafisha mkaa kwa soda kali (sodiamu haidroksaidi) ili utumike tena. Vituoni sawa, jikoni kwenye watoto hapana.

*Maji yananuka uvundo baada ya safari.* Maji yamesimama kwenye mkaa wiki nzima na vijidudu vimezaa humo. Mwaga, pitisha ndoo mbili za maji, kisha endelea. Mkaa wa mifupa hauui vijidudu, kwa hiyo maji ya mto au kisima cha wazi bado yachemshwe au yatiwe dawa, na iwe baada ya kuchuja.

*Mwendo unapungua kila wiki.* Maji yako yana tope. Yatulize usiku kwenye ndoo nyingine na uyapitishe kitambaani kabla ya kuyamimina. Kama imeshaziba, kwangua sentimita mbili za juu, uzioshe, uzirudishe.

Shabu na chokaa

Njia hii ilitoka India, inaitwa Nalgonda kwa jina la wilaya yake. Faida yake ni bei. Hasara ni kwamba inahitaji mkono makini kila siku, na kwa maji makali haifiki 1.5 peke yake. Kipimo kilichojaribiwa majumbani Tanzania ni gramu 12.8 za shabu na gramu 6.4 za chokaa kwa ndoo ya lita 20, na kilishusha maji ya karibu 12 mpaka karibu 2. Ni kazi kubwa, lakini bado si 1.5.

Usipime kwa kijiko kila siku, kijiko kinadanganya. Yeyusha gramu 64 za shabu kwenye lita moja ya maji, kwenye chupa. Chupa ya pili, gramu 32 za chokaa kwa lita moja. Chokaa haiyeyuki yote, itikise kila unapotumia. Mililita 200 za kila chupa ni dozi ya ndoo moja, na chupa mbili zinatosha ndoo tano. Mimina vyote viwili, koroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika tano, mwendo wa kukoroga uji mwepesi. Acha saa moja. Koki iwe sentimita 5 juu ya kitako ili tope libaki chini, na maji yapite kwenye kitambaa safi kwenda ndoo ya pili.

Vijibonge vyeupe visipotokea, umekoroga kidogo au shabu ni hafifu. Vikitokea kisha vikavunjika na maji kubaki kama ya mchele, ulikoroga kwa kasi muda mrefu. Maji yakiwa makali, yanakausha ulimi, shabu imezidi. Yakiteleza mkononi, chokaa imezidi. Hili la mwisho ni la kuangalia sana kwa maji ya Meru, ambayo tayari yana soda ya kutosha: chokaa ya dozi kamili huyapandisha pH (kipimo cha maji kuelekea tindikali au soda) na vijibonge vinaachia floraidi. Nunua karatasi za kupimia pH, zile za mabwawa ya kuogelea zinafaa, na lenga kati ya 6.5 na 7. Ikizidi hapo, punguza chokaa kwa robo, rudia, mpaka upate.

Maji yatolewe kwenye tope siku ile ile. Yakilala nayo, floraidi huanza kurudi, na asubuhi unakunywa ulichokwisha kukitoa.

Na tahadhari kwa wanaopima: kipimo cha rangi kinachotumiwa na baadhi ya maabara na vifaa vya mkononi hudanganywa na alumini iliyobaki kutoka kwenye shabu, kikasoma floraidi pungufu. Waambie maabara kwamba maji yametibiwa kwa shabu, na uombe kipimo cha elektrodi.

Mashine ya RO na kile kidude cha TDS

Utando mzuri wa RO unaondoa floraidi kwa asilimia 85 mpaka 95. Maji ya 6 yatatoka chini ya 1. Kasoro zake ni umeme, presha na maji yanayotupwa. Presha ya mtaa ikiwa ndogo, mashine inatoa matone na uchujaji unashuka pia, kwa hiyo inahitaji pampu yake. Kwa kila lita unayokunywa, mbili au tatu hutoka kwenye bomba la taka zikiwa na floraidi iliyokolea zaidi ya mwanzo. Hizo ni za kudekia na chooni. Ng'ombe asizinywe, naye ana meno.

Kidude cha TDS hakipimi floraidi, hata muuzaji akisema nini. Kinapima chumvi zote kwa jumla. Maji ya kisima yanaweza kusoma 200 na kuwa na floraidi ya 8, na ya kisima kingine yakasoma 900 yakiwa na 0.5. Lakini kwa mwenye RO kina kazi moja nzuri. Pima yanayoingia na yanayotoka. Yakiingia 600 na kutoka 50, utando ni mzima. Yanayotoka yakifika robo ya yanayoingia, utando umechoka au mpira wa muhuri wake umekaa vibaya. Mara nyingi ni muhuri, hasa kama namba ilipanda siku ile fundi alipobadilisha machujio. Chujio la kaboni la mbele lisicheleweshwe: klorini ya maji ya bomba ikipita hapo, inautoboa utando.

Maji ya mvua, na hesabu ya kuchanganya

Mvua haina floraidi ya kuhesabika. Milimita moja ya mvua kwenye bati la mita za mraba 40 inakupa kama lita 32, baada ya kutoa zinazorukia nje. Watu watano wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupikia ni lita 25 kwa siku, na siku 150 za kiangazi ni lita 3,750. Tangi la lita 5,000 linatosha, na linahitaji milimita 160 hivi kujaa, kiasi ambacho masika ya kawaida ya Arusha yanakipita.

Likiisha Septemba, angalia kwanza kama watu walikuwa wanaogea. Maji ya tangi hili yasiwe na bomba la bafuni. Kama hata kwa kunywa tu hayafiki, changanya. Floraidi hugawanyika kwa uwiano ulio wazi: ndoo moja ya maji ya 6 pamoja na ndoo tatu za mvua ni 1.5 kamili. Maji ya 3, nusu kwa nusu. Maji ya 4.5, moja kwa mbili. Ndiyo njia nafuu kuliko zote, na inaongeza umri wa mkaa ukichanganya kabla ya kuchuja.

Maji ya tangi yakinuka, ni majani na vinyesi vya ndege. Milimita ya kwanza ya mvua, kama lita 32 kwa bati hilo, ipelekwe kwenye pipa la pembeni kabla ya tangi. Wavu mdomoni mwa tangi huzuia mbu.

Maji yamepimwa, yako sawa, na bado mtoto anapata floraidi

Angalia jikoni. Magadi yanayolainisha makande na maharage huja na floraidi yake, na kiasi kinatofautiana sana kati ya bonge na bonge. Kwa macho huwezi kuchagua. Loweka maharage usiku kucha kwa maji yaliyochujwa, mwaga, pika kwa maji mapya, na magadi hayatahitajika. Wengine wanachuja maji ya kunywa tu na kupikia wali na ugali kwa maji ya bomba: sufuria nayo inakunywa floraidi nyingi. Majani ya chai nayo hutoa miligramu moja au zaidi kwa lita, kadiri yanavyokolea, kwa hiyo chai ya rangi nzito isiwe kinywaji cha mtoto mdogo. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, harage dogo mpaka sita, na ateme.

Miguu ya mtoto ikianza kupinda, au mtu mzima akishindwa kugeuza shingo na kuinama, mpeleke hospitali na karatasi ya kipimo cha maji mkononi. Matege yana sababu nyingine pia, upungufu wa vitamini D ikiwemo, na daktari asipoambiwa kuhusu maji anaweza asiulize.

Mkaa uliojaa na tope la shabu vifukiwe kwenye shimo lililo mbali na kisima na chini yake kwa mteremko, si juu.